Sinema ya mtaa kando ya Mto Ngong: mfanye nini watu wasiondoke

Swali: Habari Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi mtaa wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi. Kikundi chetu cha vijana kiliazima projekta tukaonyesha filamu ya mazingira kwenye uwanja wa kanisa. Ilikuwa ya Kiingereza, saa moja na nusu, kuhusu barafu inayoyeyuka. Watu wazima walianza kuondoka baada ya dakika ishirini, wakabaki watoto. Halafu kanju, askari wa kaunti, wakaja kutuuliza kibali. Tunataka kujaribu tena, safari hii kuhusu mto wetu na moshi wa viwanda. Tufanye nini ili watu wakae, wazungumze, na baadaye kuwe na kitu kinachobadilika?

Dada yangu, swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale mwisho, kwenye "kitu kinachobadilika". Wengi wanaoandaa sinema za mitaani hawafiki hapo. Wanahesabu vichwa, wanapiga picha, wanafunga vyombo. Wewe umeuliza kinachofuata, kwa hivyo jibu langu lote litaelekea huko.

Watu wazima wa Reuben hawakuondoka kwa kuwa hawajali. Mtu anayefunga dirisha usiku kucha kwa sababu ya moshi hahitaji kufundishwa kwamba hewa imechafuka. Waliondoka kwa sababu ile filamu haikuwauliza lolote. Barafu inayeyuka kweli, na joto hilo hilo linachangia mvua kubwa zinazotuzamisha, lakini habari hiyo ilikuja kwa lugha ya watu wengine, kwa dakika tisini, mbele ya mtu aliyesimama kwenye kibarua tangu asubuhi na ana maji ya kuteka kabla ya kulala.

Jambo hili ni la zamani kuliko sisi. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walifanya jaribio la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Kituo chao kilikuwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara, na filamu zilihusu mambo kama kodi, kahawa na minyoo. Walizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, hadi Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Kila lori lilipoegeshwa, mpangilio ulikuwa mmoja: anayejua yuko kwenye pazia, asiyejua amekaa chini. Miaka tisini imepita na bado naona mashirika yakija mitaani na projekta nzuri na mpangilio ule ule. Nyinyi ugeuzeni. Kuhusu Mto Ngong, anayejua ni yule aliyekaa chini, na kazi ya filamu ni kumfungua mdomo.

Ndiyo maana nawashauri mwandae kamukunji, yaani mkutano wa mtaa, kwanza, filamu itafutwe baadaye. Kaeni kikundi chote mjiulize: usiku huo ukiisha, tunataka mtaa uwe umeuliza swali gani, na umemuuliza nani? Liwe swali moja. "Tutunze mazingira" si swali. "Ni viwanda gani vina leseni ya kumwaga maji taka kwenye mto huu, na vipimo vya mwisho vilisema nini?" hilo ni swali, na lina mtu anayelipwa mshahara kulijibu. Mkishalipata, filamu itajichagua yenyewe.

Nawaomba filamu ya kwanza muipige wenyewe. Nitakueleza kwa nini.

Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei, tulionyesha Mathare, mtaa mwingine wa Nairobi, dakika kumi na moja za video ambazo vijana wa pale walipiga kwa simu. Haikuwa na muziki wala msimulizi. Ilikuwa mabati, na kwenye mabati mstari wa matope ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, juu kidogo ya kitasa cha mlango. Tulitundika shuka mbili zilizoshonwa pamoja, na wadudu walikuwa wanazunguka kwenye mwanga wa projekta. Video ilipofika kama dakika ya nne, mama mmoja aliyesimama nyuma kabisa, mtoto mgongoni, akasema kwa sauti, "Hapo ni kwangu." Kijana wa projekta akasimamisha picha. Hatukuwa tumepanga hivyo. Mama akapita katikati ya watu hadi kwenye shuka, akaweka kidole juu ya ule mstari. Kivuli cha mkono wake kikafunika nusu ya mlango wake mwenyewe. Akaeleza maji yaliingia saa ngapi, nani alimgongea, nini kilikwenda na maji. Kisha akaeleza jinsi matingatinga yalivyokuja siku chache baadaye kwa sababu nyumba ilikuwa ndani ya mita thelathini kutoka mtoni, akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nalo kwenye karatasi: wale waliojenga kuta za mawe mtoni kule juu, wao mita zao zimepimwa na nani?

Zile dakika kumi na moja zilichukua saa nzima kuisha, na hakuna aliyeondoka.

Tangu usiku ule nimeshika kanuni moja: picha isimame mtu akitaka kusema. Mwambieni anayeshika projekta mapema kwamba kidole chake kikae karibu na kitufe cha kusimamisha. Na mkipiga video zenu, pigeni vitu ambavyo mwenyeji atavitambua kwa jicho moja: daraja lenu, rangi ya maji asubuhi na rangi yake jioni, bomba linalotoka ukutani, moshi unavyolala juu ya mabati kabla jua halijapanda. Shikeni simu kwa upana, msiisogeze sogeze, hesabuni hadi kumi kabla ya kukata. Semeni kwa sauti tarehe, saa na mahali kila mnapoanza kurekodi. Siku moja video hiyo inaweza kuhitajika kama ushahidi, na ushahidi usio na tarehe unapingika kirahisi.

Siku mkitaka filamu ya mtu mwingine, tafuteni ambayo mwenye tatizo ndiye aliyeshika kamera. Mfano mzuri ni Thank You for the Rain ya mwaka 2017, ambayo Kisilu Musya, mkulima wa Ukambani, alijirekodi yeye na familia yake akishirikiana na mwongozaji Julia Dahr. Mzee wa Mukuru aliyekuja mjini kutoka Kitui wakati wa ukame ataiona na atakuwa na la kusema. Ila ombeni ruhusa kwa wenye filamu. Kuilipia kwenye intaneti ili uitazame nyumbani hakukupi haki ya kuionyesha hadharani, na watengenezaji wengi wa filamu za aina hii hutoa ruhusa vizuri kikundi cha mtaa kikiwaandikia.

Sasa lugha, maana hapa ndipo nadhani mlipoteza watu wengi. Maandishi ya chini ya pazia hayasaidii uwanjani: aliye nyuma hayaoni, na aliyechoka hayasomi. Nairobi tuna dawa yetu. Waliokulia kwenye vibanda vya video wanamjua DJ Afro, na jinsi alivyochukua filamu za kigeni akazisimulia kwa Kiswahili na Sheng hadi watu wakawa wanauliza iliyo na sauti yake kuliko ile halisi. Kila mtaa una kijana mwenye kipaji hicho. Mtafuteni, mpeni filamu wiki nzima aitazame, akae na maiki kando ya pazia atafsiri moja kwa moja. Mpeni sharti moja tu: maneno ya mtu anayelia au anayetoa ushahidi yabaki kama yalivyo, asiyatilie chumvi. Kwingine kote aachiwe nafasi. Nimeona akina mama wakijibizana na msimulizi katikati ya filamu, na wakishajibizana naye, kuchukua maiki mwishoni si jambo la kuogopa tena.

Kuhusu muda, sheria yenyewe itawapangia. Nairobi jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hivyo kabla ya saa moja usiku pazia halionekani vizuri. Upande wa pili, kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na baada ya hapo kiwango kinachoruhusiwa nje katika makazi kinashuka kutoka desibeli 50 hadi 35. Hiyo 35 ni sauti ya mnong'ono. Nafasi yenu ya sauti ya juu kidogo ni kama saa moja tu, saa moja hadi saa mbili. Filamu ya dakika ishirini au thelathini inatosha hapo, na mazungumzo yanayofuata hayahitaji spika kubwa. Maiki moja kwa sauti ya chini inatosha watu wakisogea karibu. Na kusogea karibu ndiko mnakotaka.

Wale kanju walikuwa na sababu ya kuuliza, hata kama namna walivyouliza haikupendeza. Jedwali la Nne la Katiba linaweka maonyesho ya sinema na video, pamoja na kudhibiti kelele, chini ya serikali ya kaunti. Kwa hivyo barua ya kwanza iende kaunti. Ya pili iende kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi: Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkutano wa hadhara utolewe taarifa si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Andikeni nakala mbili, ya kwenu igongwe muhuri, mtembee nayo siku hiyo. Halafu kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inayotaka filamu ya kuonyeshwa hadharani iwe imekaguliwa na Bodi ya Kuainisha Filamu na kupewa daraja. Filamu nyingi zilizowahi kuonyeshwa kumbi za hapa zimeshapewa, ulizeni wenye filamu. Video zenu wenyewe pelekeni bodi mapema, msingojee wiki ya mwisho. Chifu na wazee wa Nyumba Kumi waambieni kwa mdomo, na muwaalike. Uwanja wa kanisa ni mahali pazuri, endeleeni nao.

Vyombo visiwasumbue sana. Projekta ya lumeni 3,000 inatosha kwa pazia la mita tatu. Jenereta ndogo iwepo hata kama kuna stima, maana stima hupotea saa ile ile mtu ameanza kusema la maana. Ikae mbali, nyuma ya ukuta. Watoto wekeeni mikeka mbele na dakika kumi zao za kwanza, katuni au hata video ya mechi yao ya mpira wa jioni ile. Watoto wakitulia mama zao hukaa.

Sasa naomba usome hapa polepole, kwa kuwa jambo hili liliniumiza na sitaki liwapate.

Miaka kadhaa nyuma tulifanya onyesho katika mtaa mmoja karibu na viwanda. Baada ya filamu mwanamume mmoja alichukua maiki, akaeleza vizuri sana jinsi mvuke unavyochoma koo kwenye kazi yake, wanavyopewa maziwa badala ya barakoa, na usiku gani bomba hufunguliwa. Kila mtu alimpigia makofi. Kijana mmoja wetu alikuwa anarekodi kwa simu, akaituma kwenye kundi la WhatsApp kwa furaha tu. Jumatatu yule mwanamume alifika getini akaambiwa hakuna kazi. Hakuitwa tena. Alikuwa na watoto watatu shuleni. Tulichanga, tukamtafutia wakili, lakini kibarua hana mkataba wa kuonyesha, na sisi ndio tuliokuwa tumemweka mbele ya mwanga ule.

Kwa hivyo kabla ya filamu kuanza, mmoja wenu asimame aseme wazi nani anarekodi, kwa nini, na kwamba mtu yeyote anaweza kukataa. Tengeni upande mmoja wa uwanja usiopigwa picha kabisa. Kurekodi sura na sauti ya mtu kunagusa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na mtoto hawezi kujitolea idhini, mzazi ndiye anayeitoa. Mwenye kazi ya kiwandani asilazimike kutumia maiki: pitisheni kalamu na vikaratasi, aandike bila jina, msimulizi wenu avisome. Nimegundua vikaratasi huleta mambo mazito kuliko maiki, hasa kutoka kwa wanawake.

Baada ya filamu, mtu wa kwanza kuzungumza asiwe mtaalamu, asiwe MCA (mwakilishi wa wadi), asiwe mimi. Awe mkazi, mliyeongea naye mapema akakubali. Mgeni mwenye cheo akifungua mazungumzo, yote yanayofuata yanageuka kuwa maombi kwake. Mtaalamu mwekeni mwishoni, mpeni dakika kumi, na kazi yake iwe kujibu yaliyosemwa.

Hapo kwenye kujibu, mifano ya nyumbani ina nguvu kuliko ya ng'ambo. Nitakupa miwili, mmoja wa kuumiza na mmoja wa kutia moyo.

Jalala la Dandora, hapa Nairobi, lilifunguliwa 1975, na kufikia 2001 lilikuwa limeshatangazwa kwamba limejaa. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri, lilichapisha uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jalala hilo: karibu nusu walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati ule. Julai 2021 mahakama iliamuru jalala lifungwe ndani ya miezi sita. Miezi sita ilipita na malori yaliendelea kuingia. Waambieni watu ukweli huo, kwa sababu wanaujua, na mkiwaficha hawatawaamini kwa lolote lingine.

Kisha waelezeni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kiliweka risasi kwenye damu za watu wa kijiji kilichopakana nacho. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, mwanawe akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi. Hakukaa na karatasi ile peke yake: alitafuta akina mama wengine, watoto wengine wakapimwa, na karatasi zikawa nyingi. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka yote hiyo kesi ilisimama juu ya karatasi za vipimo. Mtu wa Mukuru akisikia hivyo anaanza kufikiria karatasi za kliniki alizozitupa, kifua cha mtoto, vipele vya miguuni. Mwambieni asizitupe tena.

Na mwelezeni Kifungu cha 42 cha Katiba kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi, lakini msiishie hapo kama wengi wanavyoishia. Endeleeni hadi cha 70, kwa sababu ndicho kinachosema anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Mama mboga wa ng'ambo ya pili ya daraja anaweza kuupigania mto hata kama hautumii. Nimeona watu wakinyoosha migongo wakisikia hivyo.

Lakini mahakama ni safari ndefu, na nyinyi mnahitaji jambo la Jumatatu asubuhi. Hili hapa. Usiku wa onyesho, kabla watu hawajatawanyika, andikeni lile swali lenu moja kwenye daftari kubwa, mlisome kwa sauti, watu walirekebishe kwa maneno yao, na wanaotaka watie sahihi. Kesho kutwa yake liwe barua ya kuomba taarifa chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016. Ipelekeni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na nakala ofisi ya mazingira ya kaunti. Kumwaga maji taka kwenye mto kunahitaji leseni, kwa hivyo taarifa mnayoiomba ni ya kazi yao ya kila siku. Sheria inawapa siku 21 kujibu. Wasipojibu, mnalalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ofisi ya Ombudsman, na malalamiko hayo hayana ada ya mahakama wala hayahitaji wakili. Kituo cha haki cha mtaa, kama kile cha Mathare au kilicho karibu nanyi, kitawasaidia kuandika.

Tarehe ya onyesho la pili itangazeni usiku huo huo wa kwanza: wiki nne baadaye, uwanja ule ule, saa ile ile. Epukeni siku tano za kwanza za mwezi, wakati wa kodi ya nyumba, na muwaulize akina mama siku zao za chama cha akiba. Wiki nne ni siku 28, barua itakuwa imepitisha siku zake 21. Kabla hamjawasha projekta, mama mmoja kati ya waliotia sahihi asimame na lile daftari asome swali, kisha asome jibu lililokuja. Kama hakuna lililokuja, asome tarehe ya barua, muhuri wa ofisi iliyoipokea, na idadi ya siku zilizopita. Halafu mpitishieni maiki wa kwanza atakayenyoosha mkono, hata kama filamu haijaanza.